Mzee Naye Apewe Kipande

Hotuba ya muuguzi mstaafu, Siku ya Wazee, Tanga

Mgeni rasmi, wazee wangu mliokaa mbele, maafisa wafawidhi, ndugu zangu wa ustawi wa jamii, na nyinyi wahudumu mliotoka zamu ya usiku mkaacha usingizi ili mkae nasi: wa kuamkiwa, shikamooni. Wengine, habari za asubuhi.

Nimefanya uuguzi wodini miaka mingi humu humu mkoani Tanga. Tangu nistaafu nimekuwa nikienda kwenye nyumba za kutunzia wazee kushika kazi pale mikono inapopungua. Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mtu akifikisha miaka 60 ni mzee, kwa hiyo tarehe 1 Oktoba, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1990, ni siku yangu na mimi. Naomba basi mnisikilize kama muuguzi, na mnisikilize kama mtu ambaye kitanda katika nyumba kama hizo huenda kinamsubiri.

Siku kama ya leo magari huja kwenye nyumba hizo. Hushushwa mchele, sukari, sabuni, mafuta ya kula na doti za khanga. Watu hupanga mstari, wazee huwekwa katikati, picha hupigwa. Ikifika saa 9 alasiri magari yameondoka. Sidharau zawadi hizo hata chembe. Sabuni huisha katikati ya mwezi, na ninajua mhudumu anavyohangaika inapoisha. Ila mimi leo nataka kuzungumza nanyi juu ya saa 8 usiku. Hakuna mgeni anayekuja saa hiyo, na hiyo ndiyo saa inayoonyesha nyumba ya wazee ni nyumba ya namna gani.

Kulikuwa na mzee mmoja katika nyumba ambayo sitaitaja, kwa sababu wengi waliofanya kazi mle ni watu wema na sikuja kumshitaki mtu. Mzee yule alitoka Kigoma akiwa kijana, akaja kukata mkonge. Mnajua historia hiyo, lakini vijana waliopo hapa wengine hawaijui, nami naona ina deni ndani yake. Mkonge uliingia nchi hii mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yakaota mashamba kutoka Tanga hadi Korogwe na kwingineko, na mwaka 1964 nchi ikazalisha tani 230,000 hivi. Mikono iliyokata majani yale ilitoka Kigoma, Songea, Burundi, Rwanda na Msumbiji. Waliitwa manamba, maana kila mmoja alipewa namba. Mji wetu unasifiwa kwa waja leo waondoka leo. Wale walikuja hawakuondoka. Wengine hawakuoa, wengine walioa wakafiwa, na kwao hakuna tena anayewakumbuka sura. Ukiwakuta uzeeni katika nyumba hizi, usiulize kwanza watoto wako wapi.

Basi mzee yule alikuwa akikataa chai ya jioni. Chakula cha mchana anakula, maji ya mchana anakunywa kidogo, lakini jua likishakaribia kuzama hagusi kikombe. Wakaandika kwenye daftari: anakataa chakula. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuweweseka usiku, akisema maneno yasiyoeleweka, anavuta shuka, anajaribu kushuka kitandani. Wakasema amerukwa na akili. Mmoja akasema amechezewa. Usiku mmoja, karibu na saa 10 alfajiri, akaanguka kati ya kitanda na mlango, akavunjika nyonga. Akalala. Na alipolala ndipo nilipokutana naye mimi, nikafunua shuka kumtazama visigino, nikakuta cha kushoto kimekuwa cheusi na kigumu kama soli ya kiatu, na chini ya kiuno kidonda kinachoingia ncha ya kidole.

Palikuwa na binti anayefagia pale, mzaliwa wa Kasulu, huko huko Kigoma. Siku moja anapiga deki nami ninamsafisha mzee kidonda, mzee akaanza tena maneno yake. Yule binti akasimama na fagio mkononi, machozi yanamtoka. Nikamuuliza, mwanangu, anasema nini? Akasema, "Bibi, anaomba apelekwe choo."

Alikuwa akisema Kiha, lugha ya kwao Kigoma. Ubongo wa mzee ukichoka, lugha aliyojifunza ukubwani hutangulia kuondoka, na ile ya mama yake hubaki. Miezi yote ile alikuwa akiomba choo kwa heshima zote, kwa lugha yake, na sisi tukaandika amerukwa na akili. Na ile chai? Binti alimuuliza pole pole, akajibu. Mwanzoni alipoletwa, alilowesha godoro usiku, na asubuhi akafokewa mbele ya wenzake. Akaamua asinywe kitu jioni ili asije akaaibika tena. Sasa fuateni wenyewe. Mzee hasikii kiu kama kijana, kwa hiyo asipopewa maji hatayatafuta. Joto la Tanga mnalijua. Mwili ukikauka, mkojo unakuwa mzito, maambukizi yanaingia kwenye njia ya mkojo, na kwa mzee maambukizi hayo mara nyingi hayaji na homa wala maumivu, yanakuja na kuchanganyikiwa kwa ghafla. Aliyechanganyikiwa huinuka gizani, huanguka. Nyonga ikivunjika analala, na akilala bila kugeuzwa anaoza angali hai. Samahanini kwa neno hilo, sina jingine. Yote hayo yalianzia kwenye kukemewa kwa sababu ya shuka.

Mzee yule alikufa. Tulimzika hapa hapa, na binti wa Kasulu ndiye aliyekuwa ndugu yake wa karibu kuliko wote pale makaburini.

Sasa mtasema tumtafute aliyemfokea. Mimi nilimjua. Alikuwa mama mwenye watoto, mgongo unamuuma, na usiku ule alikuwa peke yake. Tupige hesabu pamoja, hesabu ya kawaida tu. Chukueni nyumba ya wazee 40, na wanane kati yao hawawezi kujigeuza. Tulivyofundishwa, asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Zamu ya usiku inaanza saa 12 jioni na kuisha saa 12 asubuhi, kwa hiyo kila mmoja anageuzwa mara 6. Wanane mara 6 ni 48. Kumgeuza mzee vizuri, kumkausha kama amelowa, kumtazama ngozi na kumwekea mito ni kama dakika 10. Dakika 480. Saa 8 nzima za kuinama, bila kukaa, bila kunywa maji, na kazi yenyewe inataka watu wawili. Zimebaki saa 4 za wazee 32 waliobaki, anayekohoa, anayelia, anayetaka choo. Mtu mmoja hawezi. Hata awe na moyo wa dhahabu, hawezi. Atachagua nani amwache, na atamwacha asiyelalamika.

Ndiyo maana ninakerwa ninaposikia ubora wa nyumba ya wazee ukipimwa kwa rangi ya ukuta na idadi ya magodoro. Ubora wa matunzo ni saa za mikono ya watu. Nipeni nyumba ya bati yenye wahudumu wanne macho usiku, nitaichagua mbele ya jumba lenye vigae na mlinzi mmoja getini.

Na ngozi haidanganyi. Mwaka 1962 muuguzi Mwingereza Doreen Norton na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wazee waliolazwa. Walitengeneza kipimo rahisi sana cha kumjua mapema atakayepata vidonda. Unatazama mambo matano: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kuweza kujigeuza, na kuweza kubana haja. Kila jambo unalipatia alama kuanzia 1 hadi 4. Mzima kabisa anapata 20, na mwenye 14 kushuka chini yuko hatarini. Hakuna mashine, hakuna umeme. Kalamu na dakika tano. Na kilichowakinga wazee wale ni kugeuzwa mara kwa mara. Sisi tulipokuwa wanafunzi tulikuwa tukisugua migongo kwa spiriti tukidhani tunafanya wema. Leo tunajua kwamba ukisugua pale palipoanza kuchubuka unazidi kuharibu. Ule mpira wa duara wa kukalia nao uacheni, unabana damu pembeni.

Naomba nikae hapa kidogo, maana wahudumu wapo na huenda hamtaambiwa tena. Vitabu vingi vinasema tazama wekundu usiofifia ukibonyeza. Wekundu gani kwa ngozi yangu hii? Kwa mtu mweusi gusa. Kwa mgongo wa mkono wako, linganisha kisigino na kisigino, nyonga na nyonga. Pakiwa pa moto kuliko penzake, au pagumu, au pamelegea kama embe lililoiva sana, au pameng'aa, au mzee anashtuka ukigusa, hapo tayari kumeanza. Mlaze upande kidogo tu, usimlaze mzima juu ya mfupa wa nyonga. Weka mto mgongoni aegemee. Weka mto chini ya vigimbi ili visigino vining'inie, visiguse godoro. Na msimburute. Mnapomburuta mnamchuna. Kunjeni khanga mbili chini ya mgongo wake, mmoja ashike huku na mwingine kule, kunjeni magoti, hesabuni pamoja, mnyanyueni. Mgongo wenu nao ni wa kutunzwa, mtauhitaji uzeeni.

Sasa nije kwenye kile nilichokuja kuwaomba. Wale manamba walikuwa na kipande. Kadi yenye nafasi za siku 30. Siku mtu aliyomaliza kazi yake, alama iliwekwa; asipomaliza, haikuwekwa. Alama 30 zikitimia ndipo alipopata mshahara wa mwezi. Mzee yule alinisimulia, siku zile akili ilipokuwa imerudi kidogo, kwamba alikihifadhi kipande chake ndani ya bati la majani ya chai, asije akakipoteza akapoteza mwezi. Wenye mashamba waliweza kuhesabu kila siku aliyoinama juani. Sisi tunashindwa kuhesabu mara ngapi amegeuzwa?

Kwa hiyo kila mzee awe na kipande chake, kadi inayotundikwa kitandani. Juu kabisa iandikwe anavyopenda kuitwa, na lugha ya mama yake. Kiha, Kibena, Kimakonde, Kibondei, Kisambaa, yoyote ile, na maneno matatu ya lugha hiyo: maji, choo, na inauma. Chini yake saa za kugeuzwa na upande, kulia au kushoto, na jina la aliyemgeuza. Vikombe vya maji alivyokunywa. Ngozi ilivyokuwa. Kadi hiyo mtoto wake akija ataisoma, afisa akija ataisoma, na mgeni wa tarehe 1 Oktoba ataisoma bila kufunua shuka la mtu. Maana sitaki mtu atoke hapa akaanze kufunua mashuka ya wazee. Kutazama mwili ni kazi ya muuguzi, au ndugu kwa ridhaa ya mwenyewe, na mlango umefungwa.

Stara. Watu wa pwani tunalijua neno hili kuliko wengi, na bado nimeona bibi akiogeshwa na kijana wa kiume, mlango wazi, wenzake wakipita na bakuli za uji. Nimeona babu aliyeswali maisha yake yote akiachwa na nguo yenye mkojo wakati adhana inasikika, hana wa kumletea maji ya udhu, akigeuza uso ukutani. Mwenye rozari aachiwe rozari yake mkononi, msimwambie itapotea. Umoja wa Mataifa ulipopitisha kanuni zake juu ya wazee mwaka 1991 ulisema wazi kwamba mzee anayeishi katika nyumba ya matunzo abaki na utu wake, imani yake, faragha yake, na haki ya kuamua juu ya matunzo anayopewa. Bibi zetu walikuwa wakiyajua hayo kabla ya Umoja wa Mataifa kuzaliwa.

Kuamua. Hilo neno la mwisho tunalipita haraka. Mwaka 1976 kule Connecticut, Marekani, watafiti Ellen Langer na Judith Rodin walikwenda katika nyumba moja ya wazee. Wa ghorofa moja waliambiwa maisha yao ni jukumu lao, wakapewa nafasi ya kuchagua mambo madogo, na kila mmoja akapewa mche autunze mwenyewe. Wa ghorofa nyingine walipewa mche pia, lakini wakaambiwa wauguzi watautunza. Baada ya wiki tatu wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi. Mche tu! Hapa Tanga tunaweza kuwapa wazee mrehani na mchaichai kwenye makopo. Tunaweza kumuuliza bibi anataka kuoga asubuhi au jioni, maji ya moto au ya vuguvugu. Haigharimu hata shilingi.

Kuna jambo jingine nalisema kwa uchungu. Kufunga. Mzee anayezunguka-zunguka hufungwa kwenye kiti kwa khanga, ati asianguke. Hufanyika kwenye nyumba za matunzo, na hufanyika zaidi majumbani mwetu. Marekani walikuwa wakifunga wengi sana, hadi sheria ya mwaka 1987 ilipompa mzee haki ya kutofungwa kwa ajili ya kuwapunguzia wahudumu kazi. Aliyefungwa hukonda miguu, hulowa pale pale, hupata vidonda, na huweza kunyongwa na hiyo khanga akijaribu kujinasua. Anayezunguka anatafuta kitu. Mara nyingi ni choo.

Juu ya chakula sitasema mengi, wapishi wanajua. Asiye na meno msimpe ugali mgumu na dagaa mkasema hali. Kuna bokoboko, kuna uji wenye karanga zilizosagwa, kuna ndizi za kupondwa. Machungwa ya Muheza yapo, kamueni. Na mumkalishe vizuri kabla ya kumlisha, anayelishwa amelala chali chakula kinaingia mapafuni.

Ndugu wenye wazazi katika nyumba hizi, nina neno nanyi pia. Sera yetu inasema mzee akae na familia yake, na makazi ya wazee yawe kimbilio la mwisho. Naiunga mkono. Lakini nimeona mabinti wanaotunza mama aliyepooza peke yao, kazi imepotea, ndoa imevunjika, na majirani wanawacheka siku wanaposhindwa. Aliyemleta mzazi wake kwa sababu ameshindwa kumnyanyua hakufanya dhambi. Anayenisumbua ni yule anayeacha namba ya simu isiyopatikana. Miaka miwili haonekani, kisha msibani anakuja na turubai na spika, analia kuliko wote. Njoo akiwa hai. Njoo jioni, si mchana, ukae hadi taa zizimwe. Uliza nani yuko zamu usiku na wako wangapi. Gusa visigino vya mama yako. Mweleze mhudumu kwamba alikuwa mshonaji, kwamba anaogopa paka, kwamba mwanawe wa kwanza alikufa na asiulizwe habari zake. Mhudumu akimjua mtu hamfokei.

Mgeni rasmi, kwako nina ombi moja, na nimelifupisha ili usilisahau barabarani. Watu wa usiku. Halmashauri ikipata fedha, kabla ya rangi, kabla ya geti jipya, iajiri watu wa usiku, iwafundishe, iwalipe kwa wakati. Mama yule aliyefoka aliacha kazi. Nilikutana naye baadaye sokoni Ngamiani anauza nazi. Aliniuliza habari za mzee nikamwambia alishakufa, akakaa chini pale pale kwenye gunia lake. Sikuwa na la kumwambia. Alikuwa mtu mzuri aliyepewa kazi ya watu wanne.

Nimekuja na vipande 40. Wajukuu zangu wamenisaidia kuvikata na kutoboa matundu ya uzi. Nilivianza kuandika jana jioni kwa wazee wa wodi ya kinamama, tukakaa kitanda kwa kitanda. Bibi wa kitanda cha dirishani amesema lugha yake ni Kidigo, aitwe Mama, asiitwe Bibi kwa kuwa hajapata mjukuu. Na ameniamuru niandike kwamba alfajiri alazwe kwa upande wa kulia, upepo unaingia kupitia pale dirishani na anapenda umguse usoni. Nimeandika. Vimebaki 31. Vijana wenye kalamu nifuateni, tuanze na wale walio mwisho kabisa karibu na choo.